Mbwa wa Mteja Ndani ya Gereza

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa watu wanaojitolea magerezani. Wengi hawakuweza kufika na wameniomba maneno yake, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, maafisa wa magereza mliokubali mwaliko wetu, ndugu zangu mnaojitolea, na nyinyi kaka na dada mliowahi kutumikia kifungo na leo mmekaa viti vya mbele: naomba niseme tu itifaki imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi na mwenyekiti ameshaanza kutazama saa.

Mimi kazi yangu ni mbwa. Watu wakisafiri wananiachia mbwa wao. Wakirudi wanamkuta ameshiba, ameoga, na mara nyingine amejifunza kuketi anapoambiwa. Nilipoalikwa kuzungumzia wafungwa wanaotunza na kufundisha mbwa wa watu wa nje, nilijiuliza niende pale kama mtu wa magereza au kama mtu wa mbwa. Nimekuja kama mtu wa mbwa. Habari za nafsi ya mfungwa mmezisikia asubuhi kutoka kwa waliozisomea. Mimi nitawaeleza kazi yenyewe.

Na neno langu ni moja. Miradi hii ikitajwa, wengi husema mbwa humlainisha mfungwa moyo. Sikatai. Lakini nawauliza: kama ni hilo tu, si tungefuga mbwa watatu uani mwa gereza, wafungwa wakawapapasa jioni, mambo yakaisha? Kwa nini watu wanahangaika na mbwa mwenye mwenyewe, na huyo mwenyewe yuko nje, anamngoja, na akirudishiwa mbwa aliyekonda atalalamika? Nasema hivi: kinachofanya kazi ni mteja. Ni mtu wa nje anayehitaji kitu, anayetaka kifanyike vizuri, na anayejua kabisa kwamba atakayekifanya ni mfungwa.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, tena si kwa mbwa. Mwaka 1975, katika jimbo la Ohio kule Marekani, kulikuwa na hospitali ya Lima, ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa ya jinai. Wagonjwa wa wodi moja, watu ambao hawakuwa na habari na mtu yeyote, waliokota shomoro aliyeumia. Wakamficha. Wakawa wanamkamatia wadudu wa kumlisha. Mtu wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi pale, David Lee, akaona jambo: watu ambao hawajawahi kushirikiana katika lolote wanashirikiana kumtunza ndege. Hakumtupa ndege nje. Aliomba kibali cha kuleta wanyama wodini. Baadaye wakalinganisha wodi mbili kwa mwaka mzima, moja ina wanyama na nyingine haina. Wodi yenye wanyama ilitumia nusu ya dawa zilizotumika kwenye ile nyingine, ugomvi ukapungua, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kujiua. Kwenye ile nyingine yaliandikwa majaribio manane.

Shomoro, ndugu zangu! Hakuna aliyewahubiria. Hakuna aliyewapa semina. Walikuwa na kiumbe ambacho kingekufa wasipofanya kitu, basi wakafanya.

Ila shomoro yule hakuwa na mwenyewe. Kwa hiyo twende kwenye gereza la wanawake la jimbo la Washington, pale Gig Harbor, ambalo watu wa huko wamezoea kuliita Purdy. Mwaka 1981 alifika pale mama mmoja, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Sista Pauline Quinn. Utotoni mwake mama huyu alipitia mateso, akalala mitaani, akazungushwa kwenye taasisi moja baada ya nyingine, na mwenyewe alisimulia kwamba aliyemrudishia kujiamini ni mbwa. Wazo lake lilikuwa kuwapa wanawake waliofungwa mbwa wasio na kwao, wawafundishe, kisha mbwa hao waende kuwasaidia watu wenye ulemavu. Aliyemshika mkono ni Dakta Leo Bustad wa kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Bustad naye alikuwa amewahi kuwa mateka wa vita mikononi mwa Wajerumani. Hakuhitaji kuelezwa kufungiwa ni nini.

Najua hapa mnataka niseme: mbwa waliotupwa, mikononi mwa wanawake waliotupwa. Mabango mengi yameandikwa hivyo, na wafadhili wanayapenda. Mimi siyapendi. Mbwa alitupwa, mfungwa alihukumiwa, na mtu aliyetendewa lile kosa yupo mahali fulani akisoma bango lako. Tumheshimu.

Lililonivutia mimi mtu wa biashara kwa habari ya Purdy ni jingine. Si kila mbwa anafaa kuwa msaidizi wa mtu mwenye ulemavu. Wengi hawafiki. Mmoja anaogopa lifti, mwingine akiona paka anasahau kila alichofundishwa. Hao wakafundishwa adabu za nyumbani, wakapewa familia za kawaida. Kisha mradi ukafungua mlango kwa umma: mkisafiri leteni mbwa wenu tuwatunze, leteni tuwaoshe na kuwanyoa. Wanawake wakawa wanasomea kazi ya kutunza wanyama na kupata vyeti wanavyoweza kuvitumia nje, na malipo ya wenye mbwa yakawa yanasaidia kuendesha mradi. Colorado nao wana mradi wao tangu mwaka 2002, chini ya idara ya viwanda vya magereza. Huko, ukiwa na mbwa aliyekushinda, unamlipia, anakaa gerezani wiki kadhaa akifundishwa na mfungwa, halafu unaenda kumchukua. Na siku ya kumchukua unafundishwa wewe, maana mara nyingi mwenye tatizo si mbwa. (Kicheko.)

Sasa niwapeleke bandani. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mbwa anapopokelewa, kitu cha kwanza ni karatasi. Kumpapasa baadaye. Kadi ya chanjo: kichaa cha mbwa, distempa na pavo, ambayo ni magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, na kile kikohozi kinachosambaa mabandani. Hana kadi, haingii, hata kama mwenyewe ni mkuu wa gereza. Kisha maswali. Anakula nini, mara ngapi, saa ngapi? Ana dawa? Anaogopa nini: radi, ufagio, wanaume wenye kofia? Amewahi kuuma mtu? Jibu la swali hilo la mwisho nawapeni sasa hivi: "Hajawahi." Wote wanasema hajawahi. Ndiyo maana unamtazama mbwa, humtazami anayezungumza. Mkia uko wapi? Masikio yamelala? Anajilamba pua kila mara, anapiga miayo na hana usingizi, weupe wa macho unaonekana? Dakika ya kwanza mbwa ameshakueleza alivyo.

Siku ya kwanza wengi hawali. Mgeni wa kazi hii huingiwa na wasiwasi, akamwaga mchuzi juu ya chakula, akakaa pale akibembeleza, na mbwa akajifunza kwamba asipokula analetewa mchuzi. Mzoefu anaweka bakuli, anaondoka, anarudi baada ya robo saa, anaondoa bakuli, anaandika: hakula. Jioni vivyo hivyo. Zikipita siku mbili, anaitwa daktari wa mifugo. Na choo, wanaokwenda kula baada ya hapa mnisamehe: choo kinaangaliwa kila asubuhi, kigumu au laini, kina minyoo, kina damu, na kinaandikwa. Damu kwenye choo cha mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo si jambo la kesho. Inaweza kuwa pavo, na pavo ikiingia bandani leo, wiki ijayo hamna mradi.

Unatazama, unaandika, unarudi kutazama. Hebu fikirini. Mtu huyu kwa miaka yeye ndiye aliyekuwa akitazamwa na kuandikwa: ameamka saa ngapi, amekula, ameongea na nani, tabia yake wiki hii ikoje. Leo kalamu iko mkononi mwake. Na anachoandika kinasomwa, kwa sababu daktari wa mifugo akifika swali lake la kwanza ni hilo: daftari liko wapi?

Halafu weka gereza juu ya hayo yote. Mikasi ya kunyolea, vikatio vya kucha, visu vya mashine: vinaning'inia ubaoni, na nyuma ya kila kimoja umbo lake limechorwa kwa rangi, ili kikiondoka pengo lionekane kutoka mlangoni. Vinahesabiwa kabla ya zamu na baada ya zamu. Kikikosekana kikatio kimoja cha kucha, hakuna anayetoka, na mbwa aliyekuwa achukuliwe saa nane anakaa, na mwenyewe anangoja nje akipiga honi. Dawa za mbwa zina kufuli lake. Na saa ya kuhesabu wafungwa ikifika, kila mtu mahali pake, kila kitu kinasimama. Sasa mbwa yuko kwenye beseni, povu hadi masikioni. Mnafanyaje?

Niliwahi kuuliza swali hilo kwenye mafunzo, afisa mmoja akanijibu, "Hesabu haingoji mbwa." Ni kweli, haingoji. Kwa hiyo jibu liko kwenye ratiba. Mbwa hawaingii majini mpaka ijulikane kwamba watakuwa wamekauka kabla ya hesabu. Nani anapanga ratiba hiyo? Mfungwa anayesimamia banda. Anahesabu nyuma kutoka saa ya hesabu: kukausha mbwa mwenye manyoya mazito ni muda gani, kuchana ni muda gani, kuosha ni muda gani. Hiyo ndiyo kazi ya meneja, ndugu zangu. Huko nje tunawatafuta watu wa namna hiyo kwa tochi.

Na kufundisha je? Mchukueni mbwa anayevuta kamba, maana ndilo lalamiko la kila mtu. Mfungwa anatoka naye uwanjani. Mbwa anavuta. Mfungwa anasimama. Hapigi, hafoki, hamrudishi nyuma kwa nguvu. Amesimama tu. Mbwa anahangaika, anageuka kuona kuna nini, na kwa kugeuka kule kamba inalegea. Papo hapo anasikia neno moja la sifa na kupata kipande cha nyama, tena kwenye goti la kushoto la mwalimu na si penginepo, kwa sababu hapo ndipo tunapotaka apapende. Wanatembea. Hatua nne. Anavuta. Wanasimama tena. Saa nzima ya kwanza mnaweza msivuke uwanja!

Nani nje ana saa hiyo? Mwenye mbwa yuko kazini, akirudi kachoka. Mimi mwenyewe ninatoza kwa saa, na mteja anaangalia mkoba wake. Gerezani muda upo. Na kuna hili, nalisema kwa wale wanaodhani mtu mkali ndiye atakayemweza mbwa mkaidi: mbwa aliyepigwa ataacha kuvuta mbele ya aliyempiga, akifika nyumbani atavuta kama kawaida. Ukali hauuziki. Mteja atamrudisha mbwa wiki ijayo adai fedha zake. Kwa hiyo mtu ambaye huenda ngumi ilikuwa jibu lake la kila kitu anakutana na kazi ambayo ngumi inaiharibu mbele ya macho yake, kwa mbwa ambaye hadanganyiki kwa maneno. Sihitaji kuongeza.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1997 Gloria Gilbert Stoga, akichochewa na kazi ya daktari wa mifugo wa Florida aitwaye Thomas Lane, alianzisha mradi katika gereza la wanawake la Bedford Hills, jimbo la New York. Watoto wa mbwa wanaingia wakiwa na wiki nane na wanalala chumbani na mfungwa anayewalea. Mwanzo waliandaliwa kuwaongoza wasioona. Tangu 2006 wengine wanakwenda kwa wanajeshi waliorudi vitani na majeraha ya mwili au ya akili: kuwasha taa, kuokota kitu kilichoanguka, kumwamsha mtu anayeweweseka usiku.

Lakini hebu niwaulize, gereza la wanawake linakosa nini ambacho mbwa wa asiyeona lazima akijue? Semeni. (Mmoja akasema: watoto. Mwingine: magari.) Vizuri kabisa. Hakuna mtoto anayepiga kelele na kumvuta mkia, hakuna lori, hakuna ngazi za umeme, hakuna lango la duka linalojifungua lenyewe. Mbwa aliyelelewa gerezani tu atakuwa mtulivu kama maji ya mtungi hadi siku ya kwanza akutane na baiskeli. Kwa hiyo watu wa kujitolea huwachukua mara kwa mara, wakawatembeza mjini.

Wajapani wamelipanga jambo hili kwa namna niliyoipenda. Katika gereza la Shimane Asahi, lililofunguliwa mwaka 2008, watoto wa mbwa waongozaji hukaa na wafungwa siku za kazi, na mwisho wa wiki wanakwenda kwa familia za eneo lile. Baina ya pande hizo mbili linasafiri daftari la mbwa. Wafungwa wanaandika alivyoshinda wiki, familia inaandika alivyokuwa Jumamosi na Jumapili. Mnaona? Mteja tena. Mtu wa nje anasoma mwandiko wa mfungwa na kuufuata, maana mbwa ni mmoja na asipoufuata mbwa atachanganyikiwa.

Ndugu zangu, nimesifu vya kutosha. Sasa yale yanayouma.

La kwanza, maafisa mlioko hapa mnalijua kuliko mimi. Februari 2006, katika gereza la Lansing, jimbo la Kansas, mwanamke aliyeanzisha na kuendesha mradi wa mbwa pale alitoka na gari lake kama siku zote. Nyuma mlikuwa na makreti, yaani masanduku ya kubebea mbwa. Ndani ya kreti moja alikuwemo mfungwa wa kifungo cha maisha. Gari halikupekuliwa, kwa sababu kila mtu pale getini alimjua mwanamke yule. Walikamatwa Tennessee karibu wiki mbili baadaye, na mama yule naye akahukumiwa kifungo. Wazee walisema mcheza na mbwa humwingia msikitini, na sijui kama waliwahi kuwaza habari ya namna hii.

Msitoke hapa mkidhani kisa kile kinamhusu mfungwa mjanja peke yake. Kinawahusu nyinyi mnaojitolea. Kinahusu mazoea. Mtu unaonana naye wiki baada ya wiki, mnampenda mbwa mmoja, mnacheka pamoja, na taratibu unasahau kwamba kuna mstari. Kwa hiyo kreti inafunguliwa getini kila siku, hata kama ndani kuna mbwa wa askofu. Kwa hiyo hakuna mtu wa kujitolea anayebaki peke yake na mfungwa mmoja. Hakuna namba ya simu, hakuna zawadi, hakuna barua ya kando. Anayeona sheria hizi zinamdhalilisha, mwambieni hazimshuku: zinamlinda. Na askari anayekupekua leo ndiye anayefanya mradi uwepo kesho.

La pili ni fedha, na hapa nazungumza kama mshindani. Ndiyo, mshindani! Ninalipa kodi, ninalipa wafanyakazi. Gereza likifungua banda la kutunza mbwa na kutoza nusu ya bei yangu kwa sababu mfanyakazi wake halipwi, mimi nifanyeje? Na huyo mfanyakazi yeye afanyeje?

Marekani, ambako miradi hii ni mingi zaidi, marekebisho ya 13 ya katiba yalipiga marufuku utumwa mwaka 1865, isipokuwa kama adhabu ya kosa ambalo mtu amehukumiwa. Hilo neno "isipokuwa" bado lipo. Viwanda vya magereza ya serikali kuu hulipa senti 23 hadi dola 1 na senti 15 kwa saa. Texas wafungwa wengi hawalipwi chochote. Na katika jimbo lilelile la Washington, wenye karakana wa nje walikwenda mahakamani kulalamikia kampuni binafsi inayotumia wafungwa, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubaliana nao. Ilibidi wananchi wapige kura mwaka 2007 kubadilisha katiba ya jimbo ili kazi hizo zirudi, kwa sharti kwamba zisishindane na biashara za nje isivyo haki.

Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, hazina kigugumizi katika hili. Kanuni ya 99 inasema maslahi ya mfungwa na mafunzo yake ya ufundi yasiwekwe chini ya kutafuta faida ya kiwanda cha gereza. Kanuni ya 103 inataka malipo ya haki, mfungwa aweze kutumia sehemu, kutuma sehemu kwa familia yake, na sehemu iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Basi fanyeni hivyo. Tozeni bei ya soko. Msinionee huruma kwa kutoza juu, na msinimalize kwa kutoza chini. Mteja alipe kwa sababu kazi ni nzuri. Anayekuja kwa sababu ni rahisi atakuja mara moja. Na sehemu ya malipo yale iingie kwenye akaunti yenye jina la aliyemwosha mbwa.

La tatu nitalipitia haraka. Mtasikia kwamba walioshiriki miradi ya mbwa hurudi gerezani mara chache kuliko wengine. Ulizeni walichaguliwaje. Karibu kila mradi huchuja: mwenye kosa la kutesa wanyama haingii, mwenye makosa dhidi ya watoto mara nyingi haingii, na mwenye utovu wa nidhamu wa karibuni haingii. Ukishawachagua watulivu ukawapa mbwa, halafu ukashangaa kwamba ni watulivu, umepima nini? Miradi mingi ni midogo, na tafiti zake zinafanana nayo kwa udogo. Msiende kwa wafadhili na ahadi ya asilimia. Nendeni na daftari la banda: mbwa wangapi wameingia, wangapi wametoka wazima, wateja wangapi wamerudi mara ya pili. Hizo ni hesabu zenu wenyewe, hakuna atakayewapinga.

Na la nne, mbwa mwenyewe, ambaye hakuna mkutano unaompa kiti. Mbwa hayupo kwa ajili ya kumtibu mtu. Akibadilishiwa mlezi kila mwezi kwa sababu wafungwa wanahamishwa magereza bila taarifa, ataharibika tabia. Joto la selo linamuumiza. Kelele za milango ya chuma usiku zinamchosha. Asipoweza mazingira yale, anaondolewa, hata kama mfungwa atalia, hata kama mwandishi wa gazeti amepangiwa kuja Jumanne. Mkuu wa gereza akishindwa kunihakikishia kwamba mlezi wa mbwa hatahamishwa kabla ya mafunzo kwisha, mimi simwingizi mbwa wangu pale. Hilo siwezi kulilegeza.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili, nadhani ni dakika. Kwa wanaotaka kuanza: mtafuteni daktari wa mifugo kabla ya kumtafuta mbwa wa kwanza. Anzeni na mabanda manne. Msianze na mbwa wa watu wenye ulemavu, kazi hiyo ni ya miaka na inataka chama kinachoijua. Anzeni na mbwa wa askari wa gereza hilohilo. Askari akienda likizo na kumwacha mbwa wake kwa wafungwa, mmeshapata mteja wa kwanza, tena mgumu kuliko wote. Mwandikieni mkataba: mbwa akiugua nani analipa, akifa nani anaarifiwa na kwa saa ngapi, akimuuma mtu nani anawajibika. Na wekeni fomu ya maoni ambayo mteja anaijaza siku ya kumchukua mbwa wake, iende moja kwa moja kwa aliyemtunza, ina jina lake la kwanza, nzuri au mbaya, bila kuchujwa na nyinyi. Mbaya hasa. Mtu akiambiwa, "Kucha za nyuma hamkukata," anajua ameajiriwa.

Mfano wa karatasi ya kupokelea mbwa uko kwa katibu pale mlangoni, chukueni muuboreshe. Nimemaliza. Sasa maswali, na ningeomba aanze afisa wa safu ya nyuma, ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja mikasi.